Moto wa Tumbo Huwaka Saa Sita: Maswali Yenu Kuhusu Ayurveda

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: mwili uliokosa utulivu unarudishwaje sawa kwa chakula na mazoea ya kila siku, kwa njia ya Ayurveda? Elimu hii ya tiba ilizaliwa Bara Hindi, na jina lake kwa Kisanskriti maana yake ni elimu ya uhai. Viungo inavyovitegemea si vigeni kwetu. Vilifika pwani kwa majahazi zamani sana, na hapa Nairobi maduka ya Kihindi yamekuwapo tangu reli ilipofika mwaka 1899. Tumechagua barua saba, na baadhi tumezifupisha.

Nilijaza maswali kwenye simu nikaambiwa mimi ni "vata-pitta". Nikapewa orodha ya vyakula zaidi ya hamsini vya kuacha: ugali, maharagwe, nyanya, sukuma wiki, chai. Sasa nitakula nini? (Msomaji, Umoja)

Usiache chochote bado. Orodha kama hiyo haikuandikiwa mtu mmoja. Imeandikiwa kila aliyebonyeza majibu yanayofanana na yako.

Ayurveda hupanga mambo ya mwili kwa nguvu tatu ziitwazo dosha. Vata ni ya hewa na anga: kavu, baridi, nyepesi, haitulii mahali. Pitta ni ya moto wenye maji kidogo: ina joto, ukali na uchachu. Kapha ni ya maji na udongo: nzito, baridi, yenye utelezi, ya polepole. Kila mtu anazo zote tatu. Mgawo uliozaliwa nao huitwa prakriti, na huo haubadiliki. Hali uliyo nayo wiki hii huitwa vikriti, na ndiyo inayorekebishwa kwa chakula. Maswali ya kwenye simu huzichanganya. Swali moja linataka kujua ukubwa wa mifupa yako, linalofuata linauliza ulilalaje jana, halafu majibu yote yanajumlishwa pamoja. Kinachotoka hapo si prakriti wala si vikriti.

Tuseme pia wazi kwamba dosha hazipimwi maabara. Ni namna ya zamani ya kupanga dalili, na manufaa yake yako katika kukufundisha kujiangalia. Kwa hiyo jiangalie. Choo kigumu kama cha mbuzi, gesi, ngozi inayopauka, usingizi unaokatika saa nane au saa tisa usiku: hapo vata imepanda. Kiungulia, hasira za karibu, choo laini mara kwa mara, vidonda mdomoni: pitta. Kuamka umechoka ingawa umelala vya kutosha, makamasi, kukosa hamu ya chakula asubuhi, nguo kubana: kapha.

Kanuni ya kurekebisha ni moja: kinachofanana huongeza, kinachopingana hupunguza. Ndiyo maana jina la chakula peke yake halitoshi. Ugali uliolala, ukaliwa mkavu na maharagwe ya juzi, utaongeza ukavu na ubaridi wa vata. Unga uleule ukisongwa sasa hivi, ukaliwa wa moto na managu au terere iliyopikwa kwa kijiko cha samli na jira, pamoja na mchuzi mwepesi, ni chakula kingine kabisa. Sukuma wiki ikikaangwa hadi ikauke na kunyauka hukwaruza tumbo la mwenye vata. Ikatwe nyembamba, iwekewe nusu kikombe cha maji, ifunikwe dakika kumi, imaliziwe kwa samli, halafu uone tofauti.

Chukua daftari. Kwa siku saba andika saa uliyokula, ulichokula, choo, usingizi, na rangi ya ulimi asubuhi. Kisha badilisha jambo moja tu, ukae nalo siku kumi. Anayebadilisha mambo sita kwa pamoja hawezi kujua ni lipi lililomsaidia, na mara nyingi hurudia yote ya zamani kabla ya wiki mbili kuisha.

Natoka kazini Industrial Area saa kumi na mbili jioni, kwa foleni ya Thika Road nafika Kasarani saa mbili na nusu. Napika ugali na nyama, nakula saa tatu na nusu, nalala saa nne. Asubuhi sina njaa, ulimi mweupe, tumbo zito. Mchana huwa ni mandazi mawili na chai. Nimenunua unga wa triphala. Nitumie kiasi gani? (Msomaji wa kiume)

Ndugu, triphala tutaifikia, lakini haiwezi kushinda sahani ya saa tatu na nusu usiku.

Katika Ayurveda kila kitu huanzia kwenye agni, moto wa kumeng'enya chakula. Moto huo una hali nne. Kuna ulio sawa. Kuna usiotabirika, leo una njaa kali na kesho huna. Kuna mkali unaounguza. Na kuna mzito, unaofuka moshi bila kuwaka. Wako ni huo wa mwisho. Chakula kisichomalizika kumeng'enywa huacha kitu kinachoitwa ama, uchafu mzito wenye kunata, na alama yake ya kwanza hutafutwa kwenye ulimi wa asubuhi.

Sasa saa. Ayurveda hugawa mchana mara tatu, na saa zetu za Kiswahili zinaingia humo bila taabu kwa sababu nazo zinahesabiwa kuanzia macheo. Saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi ni wakati wa kapha, mwili ungali mzito. Saa nne hadi saa nane ni wa pitta, na jua likiwa utosini moto wa tumbo nao uko juu. Saa nane hadi saa kumi na mbili jioni ni wa vata. Usiku mzunguko unarudia. Huko Bara Hindi kaskazini urefu wa mchana hubadilika sana kati ya kiangazi na majira ya baridi, lakini sisi tuko karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Mpangilio huu unatukaa vizuri. Sayansi ya leo inakubaliana na sehemu yake: mwili hushughulikia sukari ya chakula vizuri zaidi mapema mchana kuliko usiku, na kulala na tumbo lililojaa huirudisha asidi kifuani.

Kwa hiyo geuza sahani zako. Pesa ya nyama ya usiku ihamie mchana. Kwenye kibanda karibu na kazi, kati ya saa sita na saa saba, kula mlo kamili: ugali na mboga na kitoweo, au ndengu na chapati moja. Kaa chini, usile ukitembea. Kipimo cha zamani ni ujazo wa viganja vyako viwili vilivyounganishwa. Kipimo kingine kinasema nusu ya tumbo iwe chakula, robo maji, robo ibaki wazi ili chakula kipate pa kujigeuza. Ukimaliza ukahisi bado ungeweza kula tonge tatu nne, hapo ndipo.

Saa kumi na moja, kabla hujatoka kazini, kula ndizi au njugu kiganja kimoja. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu njaa ya foleni ndiyo inayokufanya usonge ugali wa watu wawili.

Usiku kula kichadi, wali mwororo wa ndengu. Kwa watu wawili, au kwa mmoja mwenye njaa ya kweli: nusu kikombe cha ndengu za njano, zile zilizokobolewa na kupasuliwa (Ngara na Parklands utazipata kila duka la nafaka), nusu kikombe cha mchele, vikombe vinne vya maji, robo kijiko cha chai cha manjano, chumvi, na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Osha ndengu na mchele pamoja hadi maji yawe meupe kidogo tu, uviloweke wakati unapooga. Chemsha, engua povu, punguza moto, funika kwa kuacha mwanya.

Hapa wengi hukosea kwa kufuata dakika za mapishi ya pwani au ya India. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 94 au 95 badala ya 100. Ndengu ambazo Mombasa huiva kwa dakika 25, hapa zitataka 35 hadi 40 kwenye sufuria ya kawaida. Ukiziondoa mapema zinabaki na kiini kigumu, na ni kiini hicho kinachokuletea gesi saa sita usiku. Presha kuka hulimaliza tatizo hilo: ikishapiga mluzi, dakika nane kwa moto mdogo, kisha iache itulie yenyewe. Ponda punje moja ya ndengu kati ya vidole viwili. Ikisagika kama siagi bila chembe, imeiva.

Malizia kwa kuunga. Pasha kijiko kimoja cha mezani cha samli, tia kijiko cha chai cha jira nzima. Itachezacheza, kisha rangi yake itakoza kidogo na harufu kama ya karanga itapanda. Hapo, baada ya nusu dakika hivi, mwaga yote juu ya kichadi. Jira ikiwa nyeusi imeungua. Itupe pamoja na samli yake uanze upya, maana uchungu wake hauondoki hata ukiongeza chumvi. Kula mara tu kichadi kinapoiva, na kama unaweza kuchelewa kulala hadi saa tano, fanya hivyo.

Asubuhi, kabla ya kunywa chochote, kwangua ulimi kwa kikwangulio cha chuma au ukingo wa kijiko, kutoka nyuma kuja mbele, mara saba hadi kumi, bila kukandamiza. Kisha maji ya vuguvugu, gilasi moja. Kama huna njaa, usijilazimishe kunywa chai, subiri ije.

Triphala ni unga wa matunda matatu makavu, na kazi yake kubwa ni kulainisha choo. Kama baada ya wiki mbili za mpango huu choo bado ni kigumu, nusu kijiko cha chai kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kulala inatosha. Choo kikiwa cha maji, punguza au acha. Wajawazito wasiitumie, na mwenye dawa za hospitali aziache zitangulie kwa muda wa saa mbili.

Lakini ukiona unapungua uzito bila sababu, choo cheusi kama lami, au chakula kinakwama unapomeza, acha yote haya uende hospitali bila kuchelewa. Na ulimi mweupe usiotoka kwa wiki mbili hata ukiukwangua, mwonyeshe daktari wa meno.

Nyumbani kwetu githeri ni mara nne kwa wiki. Watoto hawana shida, mimi tumbo linavimba kama ngoma. Ayurveda inasema niache maharagwe? (Mama, Kawangware)

Mama, maharagwe yana sifa ya kuongeza vata, ndiyo, lakini dawa yake imo katika namna ya kuyapika. Yana aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, na gesi ni matokeo ya uchachushaji huo. Sehemu ya sukari hizo hutoka na maji ya kuloweka. Kwa hiyo loweka usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, maji mara tatu ya maharagwe, na maji hayo yamwagwe. Tia mapya, chemsha kwa nguvu dakika kumi, mwaga tena, ndipo uanze kupika kweli. Dakika hizo kumi za kutokota zina kazi nyingine: maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayotapisha, na moto hafifu hauiui.

Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1 na yanaongeza chumvi mwilini. Mwenye presha ayaepuke. Kama maharagwe yako hayaivi hata kwa saa tatu, kosa si lako wala si la moto. Yamekaa ghalani muda mrefu kwenye joto, na hayo hayaivi vizuri hata ufanyeje. Badilisha muuzaji.

Kisha kiungo ambacho wengi wetu tumekisahau: mvuje, utomvu mkavu unaouzwa pia kwa jina la hing. Kiasi cha punje mbili za mchele kwenye mafuta ya moto, pamoja na jira na tangawizi, kabla ya kitunguu. Harufu yake ni kali mbichi, ikipata moto inageuka kama ya kitunguu saumu. Mvuje wa unga unaouzwa kwenye vikopo huchanganywa na unga wa ngano mara nyingi, kwa hiyo asiyeweza kula ngano asome kopo.

Punguza pia maharagwe kwenye sufuria: vikombe vitatu vya mahindi kwa kimoja cha maharagwe, na siku mbili kati ya nne weka ndengu badala yake. Githeri iwe ya mchana. Ukimaliza, tafuna nusu kijiko cha chai cha shamari.

Nimesoma kwamba samaki na maziwa ni sumu pamoja. Je, samaki wa kupaka? (Msomaji kutoka Lamu, anaishi South B)

Endelea kuwapika. Katazo la Ayurveda ni la maziwa ya mnyama pamoja na samaki, na tui la nazi halimo. Hata katazo lenyewe halijathibitishwa kuleta ugonjwa wa ngozi kama watu wanavyosema. Kama una kiungulia, punguza pilipili na ndimu kwenye ule mpako.

Kila Julai ngozi yangu inapauka, viungo vinakaza, usingizi haushiki. Nimeshauriwa nijipake mafuta mwili mzima kila siku. Nilijaribu mafuta ya nazi, yakaganda. Nilijaribu mafuta ya simsim, nyumba ikanuka kama mkahawa. Nakosea wapi? (Dada, Lang'ata)

Dada, umekosea mafuta mara mbili, na yote mawili yanaelezeka.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Julai ya Nairobi, na mawingu yake, mara nyingi haifiki hapo hata mchana, kwa hiyo chupa yako itashinda imeganda. Isitoshe, Ayurveda huyahesabu mafuta ya nazi kuwa ya kupoza. Yawekee Januari na Februari, jua linapochoma. Simsim ndiyo inayopasha, ila ile uliyonunua ni ya mbegu zilizokaangwa: rangi ya chai ya rangi, harufu kali, ya kutia kwenye chakula. Unayoitaka ni ya mbegu mbichi, rangi ya majani makavu, karibu haina harufu. Muulize muuzaji moja kwa moja kama mbegu zilikaangwa.

Vitabu vya zamani vina majira sita, na ni majira ya Bara Hindi. Ukiyafuata kwa tarehe hapa utajikuta unajipoza mwezi wa baridi. Fuata anga unayoiona. Julai yetu ina baridi, na mawingu yake hufanya watu wakae ndani, wasitembee, wanywe chai tano badala ya maji.

Namna ya kufanya: asubuhi kabla ya kuoga, tumbo likiwa tupu. Mimina vijiko vitatu au vinne vya mezani kwenye chupa ndogo, isimamishe ndani ya bakuli la maji ya moto dakika tano. Usipashe mafuta juu ya moto wenyewe, hayaonyeshi kuwa yamepata moto mno hadi yamekuunguza. Yajaribu kwanza juu ya kifundo cha mkono. Anza kichwani au masikioni, shuka. Kwenye mifupa mirefu, mkono na muundi, sugua kwa mstari mrefu kwenda na kurudi. Kwenye magoti, viwiko na mabega, zungusha. Tumboni zungusha kwa kufuata mshale wa saa, maana huko ndiko utumbo mpana unakoelekea. Nyayo ziwe za mwisho. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Kaa robo saa nyingine umevaa kanga kuukuu, kisha oga kwa maji ya vuguvugu. Usijisugue kwa sabuni kali, utaondoa yote uliyoyaweka. Vijiko viwili vya unga wa dengu uliotiwa maji ukawa kama uji mzito huchukua mafuta ya ziada na kuacha ngozi laini.

Nyayo zenye mafuta juu ya vigae ni njia ya haraka ya kuvunjika mkono. Vaa malapa yenye mikwaruzo na utandike taulo sakafuni. Taulo hilo lifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, la sivyo harufu itakaa.

Usijipake ukiwa na homa, mara baada ya kula, au palipo na kidonda. Mguu mmoja uliovimba ghafla, una joto na unauma, usiusugue kabisa. Huenda ni damu iliyoganda, na hiyo inataka hospitali siku hiyohiyo.

Kama kila siku haiwezekani, Jumamosi mwili mzima, na usiku mwingine nyayo peke yake kwa kijiko kimoja cha chai, ukivaa soksi. Kwa usingizi, nyayo tu zinaweza kukutosha.

Wiki ya tatu nakunywa maji ya moto, limau zima na asali vijiko viwili kabla ya kula, niondoe sumu. Sasa kifua kinachoma. Je, ni sumu inayotoka? (Msomaji, Pangani)

Hapana, ni asidi inayopanda. Acha limau leo. Uchachu huongeza pitta, na tumbo lako limekuambia kwa lugha iliyo wazi. Sumu za mwilini zinaondolewa na ini na figo, ambazo hazihitaji limau ili zifanye kazi. Asidi ya limau pia inalainisha meno, na ukipiga mswaki papo hapo unaondoa safu ya juu. Subiri nusu saa.

Kuhusu asali, vitabu vya Ayurveda vinakataza kuipasha moto. Maabara zinaonyesha kwamba joto hubadilisha baadhi ya kemikali zake, lakini hakuna ushahidi kwamba kikombe cha chai ya asali kitamdhuru mtu mzima. Itie kinywaji kikishapoa kiasi cha kushikika. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata tone.

Badala yake, ponda kidogo kijiko cha chai cha mbegu za dhania, ziloweke kwenye kikombe cha maji usiku, asubuhi chuja unywe. Chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi isitangulie chakula. Kiungulia kikizidi wiki mbili, pima vidonda vya tumbo na bakteria ya H. pylori, vipimo vyake vinapatikana katika maabara nyingi mjini.

Baba ana sukari miaka tisa, anameza metformini na glibenklamidi. Jirani amemletea kopo la vidonge vyeusi kutoka India, lebo haisomeki, na amemwambia anywe juisi ya karela, ile mboga chungu, kila asubuhi kisha aache dawa za hospitali. Juzi saa tano asubuhi alitoa jasho na kutetemeka. Tufanyeje? (Binti, Pumwani)

Binti, baba asiache dawa zake, na hayo mengine mawili yasimame leo.

Jasho na kutetemeka ni dalili za sukari kushuka mno. Glibenklamidi inasukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Karela nayo inaweza kushusha sukari, na uwatu vilevile. Ukiviweka pamoja kwenye tumbo tupu, sukari inaporomoka. Ikitokea tena, mpime. Chini ya 4 (mmol/L) kwenye glukomita, au kama hamna kipimo, mpe mara moja vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu gilasi. Rudia kupima baada ya dakika 15, na kama bado iko chini mpe tena. Akitengemaa, ale mlo. Kama amelegea hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali. Na hata akizinduka, daktari aambiwe, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Karela kama mboga, iliyokatwa na kupikwa, mara moja au mbili kwa wiki kwenye mlo kamili, si tatizo. Tatizo ni juisi ya kila siku juu ya dawa. Ayurveda yenyewe iliujua ugonjwa huu zamani na kuuita madhumeha, mkojo wa asali, na mengi inayoshauri baba anaweza kuyafanya bila hatari: kutembea dakika ishirini baada ya mlo wa mchana, kula chakula cha jioni mapema, ugali uwe kiasi cha ngumi moja na mboga zijaze nusu ya sahani.

Vidonge vyeusi ndivyo vinavyotutia wasiwasi zaidi. Tawi moja la Ayurveda huandaa dawa kwa madini yaliyochomwa, na si ajali, ni kusudi. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima dawa 70 za mitishamba za Ayurveda zilizotengenezwa Asia Kusini, na 14 zikakutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Ukisoma kwenye kopo maneno bhasma au rasa, parad ambayo ni zebaki, naga ambayo ni risasi, au hartal ambayo ni aseniki, dawa hiyo isimezwe. Kopo lisilosomeka lihesabiwe kuwa la namna hiyohiyo. Figo za mgonjwa wa sukari tayari zina mzigo wake.

Mwambieni daktari baba ametumia vidonge hivyo na juisi kwa muda gani, na mwombeni apime figo na kiwango cha risasi kwenye damu. Msilitupe hilo kopo. Lifungeni, mwende nalo kliniki pamoja na daftari lake la sukari.